Aniceti Kitereza: Mwanafunzi wa Rubya na Kitabu cha Wakerewe

Seminari ya Rubya, iliyoko Ihangiro katika wilaya ya Muleba, ilianzishwa na Mapadre Weupe mwanzoni mwa karne ya 20, na vijana wa nchi nyingi za kandokando ya Ziwa walipelekwa huko wapate kuandaliwa kwa upadre. Miongoni mwao alikuwa Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896. Aliingia Rubya mwaka 1909, akadumu miaka kumi akisoma Kilatini, Kigiriki na Kijerumani. Aliondoka bila kupewa upadre, lakini elimu ile haikupotea bure.

Baadaye, kwao Ukerewe, alishirikiana na Padre Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada. Ushirika huo wastahili kuangaliwa vema. Kwa cheo, padre alikuwa mwalimu. Kwa Kikerewe na desturi zake, mwalimu alikuwa Kitereza. Padre alimhimiza aandike mila za wahenga kwa namna ya hadithi, ili wasomaji wavutiwe nazo. Mwaka 1945 Kitereza alimaliza kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, pamoja na wana wao Ntulanalwo na Bulihwali. Humo mna uganga wa utasa, kilimo, uvuvi, adabu za ukweni, na pombe ya ndizi aliyotozwa Myombekere ili arudishiwe mkewe. Kijana asiyeyaona mambo hayo kwao angeweza kujifunza kwa kusoma.

Lakini kitabu cha Kikerewe hakikupata mchapaji, na Padre Simard alifariki kabla ya kuona matunda ya kazi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, wataalamu kutoka Marekani, walimtia moyo Kitereza, naye akakifasiri kwa Kiswahili yeye mwenyewe. Tanzania Publishing House ilikitoa kwa tarehe ya 1980. Mtungaji alifariki mwaka 1981, nakala zikiwa hazijamfikia.

Hivyo miaka 35 ilipita baina ya kalamu na chapa. Mwanafunzi na mwalimu walitosha kuutunga mswada. Hawakutosha kuufikisha kwa wasomaji, na katika muda huo kizazi kizima cha Wakerewe kilikua bila kukisoma kitabu kilichoandikwa kwa ajili yake.