Kuziba Nyufa Chini ya Bahari ya Miaka: Historia ya Uji wa Saruji na Makaburi ya Taka za Nyuklia

Wachimbaji walipoondoka Stripa katikati ya miaka ya 1970, mgodi huo wa chuma uliofanyiwa kazi tangu karne ya 15 ulikuwa umebakiwa na mali moja: mwamba wenyewe. Stripa iko magharibi mwa Stockholm, nchini Sweden, na kando ya tabaka lake la chuma kuna granaiti kubwa ambayo mahandaki ya kale yalikuwa yameshaifikia kwa kina cha zaidi ya mita 300. Kwa wanajiolojia ilikuwa neema. Waliweza kuingia ndani kabisa ya mwamba kwa njia iliyokwisha kuchimbwa na vizazi vya watu wengine.

Haja ilikuwa imeshabisha hodi. Mwaka 1977 Bunge la Sweden lilipitisha sheria kwamba hakuna kinu kipya cha nyuklia kitakachotiwa fueli mpaka mwenye nacho aoneshe jinsi taka zake zitakavyowekwa kwa usalama. Jibu lililoiva kufikia mwaka 1983 lilipewa jina KBS-3, na kwa umbo lake la sasa ni hili: fueli iliyokwisha kutumika itiwe ndani ya kasha la chuma lililovikwa shaba yenye unene wa sentimita 5, kasha lizungushiwe udongo wa bentonaiti, na vyote vizikwe kwenye granaiti, mita 400 hadi 500 chini ya ardhi. Shaba haiozi upesi. Bentonaiti ikilowa huvimba na kujikaza, ikawa ngao isiyopitisha maji kirahisi. Muda unaokusudiwa ni miaka 100,000 na zaidi, na katika muda wote huo adui wa kuangaliwa ni mmoja. Ni maji.

Granaiti ukiitazama juu juu utadhani ni kitu kizima kisicho na upenyo. Wachorongaji wa visima wa Dodoma wanajua vizuri kwamba sivyo. Maji ya Makutupora, yanayonywewa na mji huo, hutoka kwenye mwamba wa kale uliopasuka na kulika, na fundi anayetoboa kisima huomba akutane na mpasuko. Mjenzi wa kaburi la taka za nyuklia huombea kinyume chake. Mwamba ni uleule, nyufa ni zilezile. Kinachotofautiana ni haja ya binadamu.

Ufa hupitisha maji kiasi gani? Paul Witherspoon wa Chuo Kikuu cha California, aliyeongoza upande wa Marekani katika utafiti wa awali wa Stripa, alilichunguza swali hilo pamoja na wenzake kwa kupitisha maji kwenye nyufa za granaiti, basalti na marumaru. Mwaka 1980 walichapisha matokeo yaliyothibitisha kanuni yenye matokeo makubwa: mtiririko hufuata upana wa ufa uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ufa ukipunguzwa nusu, maji hupungua mara nane. Ufa wa milimita 1 ukibanwa hadi sehemu ya kumi ya milimita, maji hupungua mara 1,000. Ndiyo maana kuziba nyufa chache zilizo pana huleta nafuu ya haraka sana, na ndiyo maana vilevile kazi huwa ngumu ghafla zinapobaki zile nyembamba. Saruji ya kawaida inayochanganywa na maji kuwa uji wa kuzibia ina punje zinazoweza kufikia sehemu ya kumi ya milimita. Mafundi wana kipimo chao cha jumla kwamba ufa uwe na upana wa angalau mara tatu ya punje, la sivyo punje hujibana mlangoni na kujizibia njia zenyewe.

Ufundi wa kuziba mwamba kwa kuusukumia uji ni mkongwe kuliko saruji ya leo. Mwaka 1802 mhandisi Mfaransa Charles Bérigny alikuwa na shida ya lango la maji katika bandari ya Dieppe, ambalo msingi wake ulikuwa ukichimbwa na maji. Alitumia pampu ya mbao iliyosukuma uji wa udongo na chokaa kwa vipigo hadi ndani ya mapengo yaliyo chini ya jengo. Saruji ya Portland, iliyosajiliwa na Joseph Aspdin nchini Uingereza mwaka 1824, iliwapa waliofuata uji unaokuwa jiwe hata ndani ya maji, na kabla karne ya 19 haijaisha wajenzi wa mabwawa na mashimo ya migodi walikuwa wakiutumia. Kisha akaja Maurice Lugeon, mwanajiolojia wa Uswisi, aliyeandika mwaka 1933 kuhusu mabwawa na miamba yake, akawaachia wahandisi kipimo kinachobeba jina lake mpaka sasa: lita moja ya maji kwa dakika, kwa kila mita ya tundu lililochorongwa, chini ya shinikizo la baa 10. Kwa kipimo hicho fundi aliweza kuuliza mwamba kabla ya kuujaza, na kuuliza tena baada ya kuujaza.

Kwa muda wote huo swali lilikuwa lilelile: je, maji yamesimama? Bwawa likishika maji, handaki likikauka, mkandarasi alilipwa na kwenda zake. Uji uliobaki ndani ya mwamba haukuwa na mtu wa kuufuatilia.

Stripa ndipo swali hilo lilipoanza kuonekana halitoshi. Kuanzia mwaka 1980 hadi 1992 mgodi ulikuwa maabara ya kimataifa chini ya Shirika la Nishati ya Nyuklia la nchi za OECD, na katika awamu yake ya mwisho kuziba nyufa kulipewa programu nzima. Roland Pusch, mtaalamu wa udongo kutoka Sweden, alijaribu kuingiza uji wa bentonaiti kwenye mwamba huku shinikizo likitetemeshwa kwa kasi, kwa sababu bentonaiti hulegea inapotikiswa na kukaza inapotulia. Alijaribu pia saruji iliyosagwa ikawa laini sana. Uji uliingia kwenye nyufa nyembamba kuliko watu wengi walivyotarajia. Hata hivyo mwamba ulionesha tabia yake: maji yaliyofungiwa njia hapa huongeza shinikizo na kutokea pale, na joto, ambalo taka halisi zingelitoa, huusogeza mwamba na kuzichezea nyufa zilizokwisha kuzibwa. Naona hapa ndipo thamani kubwa ya Stripa ilipo. Watafiti waliondoka wakiwa na ujuzi wa kuziba, na wakiwa na unyenyekevu kuhusu ujuzi huo.

Somo lililofuata halikutoka maabara. Kusini mwa Sweden kuna kilima cha Hallandsås, na mwaka 1992 ilianza kazi ya kukipitishia handaki la reli. Mwamba wake umevunjikavunjika na umejaa maji. Saruji ilishindwa, maji yalizidi kuingia, visima vya wakulima juu ya kilima vikaanza kukauka. Mwaka 1997 wajenzi waliamua kutumia kemikali iliyouzwa kwa jina Rhoca-Gil, kimiminika chepesi kilichopaswa kuganda ndani ya nyufa. Ndani yake kulikuwa na akrilamidi, ambayo ikishaganda haina madhara makubwa, lakini ikiwa bado mbichi ni sumu ya mishipa ya fahamu. Maji ya Hallandsås yalikuwa mengi na yenye kasi, yakaizimua kemikali kabla haijaganda, nayo ikatiririka hadi kwenye kijito. Samaki walikufa. Ng'ombe waliokunywa maji ya kijito walipooza. Wafanyakazi wa handaki walipata ganzi na maumivu ya neva, na maziwa ya wakulima wa eneo hilo yalikataliwa sokoni hata pale ambapo hayakuwa na kosa. Oktoba 1997 kazi ilisimamishwa. Treni ya kwanza ya abiria ilipita kwenye handaki la Hallandsås Desemba 2015.

Hallandsås haikuwa na uhusiano wowote na nyuklia, lakini kila mtu aliyekuwa akifikiria kuzika taka kwenye mwamba wa namna hiyo aliitazama kwa makini. Kama uji wa kuzibia reli uliweza kuumiza bonde zima ndani ya miezi michache, je, uji utakaolala jirani na makasha ya shaba kwa miaka 100,000 utafanya nini?

Jibu lilitia wasiwasi kwa sababu mshukiwa alikuwa saruji yenyewe, rafiki wa mjenzi. Maji yaliyomo kwenye vitundu vya saruji ya kawaida ni alikali kali, yenye pH ya zaidi ya 12.5. Kwa jengo la juu ya ardhi hiyo ni faida, maana hulinda nondo zisipate kutu. Kwa bentonaiti ni balaa: madini ambayo huufanya udongo huo uvimbe huyeyuka polepole ndani ya alikali ya kiwango hicho, na ngao ikapoteza nguvu yake. Kaskazini mwa Yordani, mahali paitwapo Maqarin, asili imeshaufanya mtihani huu kwa muda mrefu kuliko maabara yoyote. Hapo mawe ya chokaa yenye lami yaliungua zamani za kale yakaacha madini ya aina ya saruji, na chemchemi zinazotoka humo zina pH inayozidi 12. Wanasayansi wamekuwa wakienda huko kutazama maji ya namna hiyo yanavyoula na kuubadili mwamba yanaoupitia.

Basi mashirika ya taka za nyuklia ya Finland, Sweden na Japani yalishirikiana, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kutafuta uji wa saruji usiozidi pH 11. Njia waliyoipata ni kuchanganya saruji laini na kiasi kikubwa cha vumbi la silika, ambalo huila chokaa huru iliyomo kwenye saruji na kuigeuza kuwa madini yasiyo na ukali. Kwa karatasi inaonekana rahisi. Kwa pampu sivyo. Silika nyingi huufanya uji uwe mzito, na uji mzito hauingii kwenye ufa; ukitaka ulegee lazima utie kemikali ya kulainisha. Kemikali hizo nyingi zina kaboni, na ipo hofu kwamba chembe zake zingeweza kushikamana na vitu vya mionzi na kuvisafirisha pamoja na maji. Wahandisi wakajikuta wanapima kila gramu: silika ya kutosha kushusha alikali, kilainisho kidogo kiwezekanacho, maji yasiyozidi, na bado uji ugande kwa wakati ili zamu inayofuata iendelee kuchoronga. Sijui kazi ya uhandisi inayoonesha subira zaidi ya hii ya kubishana juu ya mapishi ya uji ambao hakuna atakayeuona tena.

Kwa nyufa ambazo hata saruji laini kabisa haiwezi kuziingia, walitumia silika iliyo katika chembe ndogo mno zilizoelea ndani ya maji. Kimiminika hicho ni chepesi karibu sawa na maji. Kikichanganywa na maji ya chumvi huganda kama maziwa ya mtindi, kwa muda ambao fundi anaweza kuupanga kwa kuongeza au kupunguza chumvi. Na pH yake ni ya chini kuliko ya uji wa saruji.

Mapishi haya yalipata kazi yake ya kweli Olkiluoto, kisiwa kilicho pwani ya magharibi ya Finland, katika manispaa ya Eurajoki. Sheria ya Finland ya mwaka 1994 ilikataza kupeleka taka za nyuklia nje ya nchi, kwa hiyo hapakuwa na pa kukimbilia. Bunge liliidhinisha mpango wa Olkiluoto mwaka 2001 kwa kura 159 dhidi ya 3, na mwaka 2004 kampuni ya Posiva ilianza kuchimba handaki liitwalo Onkalo, ndani ya mwamba wenye umri wa karibu miaka bilioni 2.

Kabla ya kila mlipuko wa baruti, mahali palipotiliwa shaka palichorongwa kwanza. Matundu membamba yalipelekwa mbele ya uso wa handaki, yakitanuka kuuzunguka, na maji yaliyotoka yalipimwa. Kama yalizidi kiwango, uji ulisukumwa kwa shinikizo, ukaachwa ugande, yakachorongwa matundu mengine ya kukagua, kisha ndipo baruti ikafuata. Kuziba kabla ya kulipua ndiyo kanuni, kwa sababu maji yakishapata uhuru wa kumwagika ndani ya handaki huufukuza uji kabla haujashika. Palikuwa na kanda za mipasuko zilizojulikana tangu juu kwa namba zake, mojawapo HZ20, iliyokatizwa na handaki kwenye kina cha zaidi ya mita 300, na kwa ajili yake uji wa pH ya chini ulitengenezwa na kujaribiwa mapema. Sababu haikuwa kulowa kwa wafanyakazi peke yake. Handaki linalovuja ni kisima kikubwa: huvuta maji ya chumvi kutoka chini zaidi na maji matamu kutoka juu, na yote mawili huharibu hali ya utulivu ambayo bentonaiti inaihitaji.

Kila kilo ya saruji iliyoachwa mwambani huandikwa kwenye kumbukumbu, pamoja na chuma, plastiki na kila kitu kigeni kilichobaki chini. Mhandisi wa Dieppe hakuwahi kuombwa hesabu kama hiyo.

Na kuna mahali ambapo uji hauruhusiwi kabisa. Shimo la wima litakalopokea kasha halizibwi nyufa zake. Likichorongwa na kuonekana linaingiza maji zaidi ya kiwango, ambacho kwa Olkiluoto ni sehemu ya kumi ya lita kwa dakika, shimo hilo hukataliwa na kasha hutafutiwa mahali pengine. Uji haukupewa kazi ya kulinda taka kwa miaka 100,000. Kazi hiyo ni ya shaba, udongo na mwamba. Uji umepewa kazi ya kuweka handaki kavu kwa miaka ya ujenzi, kisha kutowaharibia wenzake.

Mwaka 2024 Posiva ilianza kujaribu hatua zote za mazishi kwa makasha yasiyo na fueli ndani yake. Mpango ni kuzika tani 6,500 hivi za urani na kuyafunga mahandaki katika miaka ya 2120. Mahandaki ya kuzikia hayachimbwi yote kwa mara moja. Huchimbwa kidogo kidogo kadiri makasha yanavyokuja, kwa hiyo wachorongaji na wapika uji watakaomaliza kazi ya Olkiluoto bado hawajazaliwa.