Ndoo ya Nyamithuthu



Juzi tulibishana kwenye foleni ya mjigo. Mjigo ni jina ambalo wenyeji wa hapa Malawi wanaita kisima cha pampu, na sisi wa Dzaleka tumelizoea hata tunapoongea Kiswahili. Ubishi ulikuwa huu: maji ya mjigo huu yamepimwa, yako safi, na sote tunayachota hapa hapa. Sasa kwa nini kuna nyumba watoto wanahara kila wiki na nyingine hapana? Wengine walisema mjigo umeharibika, wengine eti ni chakula. Kumbe swali hilo lilishaulizwa katika nchi hii hii, kwa wakimbizi kama sisi, kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Wengi tunadhani ukimbizi wa Malawi ulianza na sisi, Dzaleka ilipofunguliwa mwaka 1994. Hapana. Kabla yetu walikuwepo watu wa Msumbiji. Vita vya kwao viliwasukuma huku mpaka, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakawa zaidi ya milioni moja, katika nchi yenye watu kama milioni 10 tu. Kambi zao nyingi zilikuwa kusini, karibu na mpaka, na moja iliitwa Nyamithuthu.

Mwaka 1990, kati ya Agosti na Desemba, kipindupindu, ile tunayoita kolera, kiliwaingilia wakimbizi hao. Waliougua walikuwa 1,931, waliokufa 68. Wagonjwa 86 kati ya kila 100 walikuwa hawajamaliza hata miezi mitatu Malawi. Wageni, yaani, ambao hawajajua bado wachote wapi. Watafiti walipouliza nyumba kwa nyumba walikuta kunywa maji ya mto kulileta hatari, hilo kila mtu alilitegemea. Lakini walikuta na jambo la pili: kutia mkono ndani ya maji ya kunywa yaliyowekwa nyumbani.

Hapo ndipo stori inapoanza kutuhusu. Mwaka 1993 watafiti walirudi kwenye jambo hilo la mkono, Nyamithuthu. Walipima maji yanapotoka kisimani: safi, au karibu safi kabisa. Wakapima tena ndani ya ndoo: yameshachafuka. Hayakuchafuliwa na kisima wala na mvua. Ni mikono tu, wakati wa kusuuza ndoo, kubeba na kuchota kwa kikombe. Na tusiwalaumu akina mama wale. Ndoo ya mdomo mpana utachotaje bila vidole kugusa maji? Jaribu.

Basi wakachukua familia kama 400, na robo yao wakazipa ndoo ya aina nyingine. Ilikuwa ya lita 20, ina kifuniko kisichotoka, tundu dogo la kujazia ambalo mkono haupiti, na mdomo wa kumiminia. Ni hivyo tu. Haikuwa na mashine, umeme wala dawa. Kwa miezi minne waliwafuatilia. Vijidudu vya kinyesi katika maji ya nyumba zenye ndoo hizo vilipungua kwa 69%, na kuhara kwa watoto chini ya miaka mitano kulipungua kwa 31%. Hesabu ya pili haikuwa na uhakika mkubwa kama ya kwanza, tuseme ukweli. Lakini kwa bei ya kipande cha plastiki, sisi tunaona ni kitu kikubwa.

Mwaka uliofuata ikaja Goma. Wazee wetu wa Kivu hawapendi kuisimulia. Ziwa zima pembeni, mawe ya volkano chini yasiyochimbika choo wala kisima, na karibu watu 50,000 wakafa katika mwezi wa kwanza. Baada ya hapo mashirika yaliandika vipimo vya pamoja, kitabu cha Sphere cha mwaka 2000. Kila mtu anajua zile lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa sababu ndizo tunazolalamikia. Wachache wanajua kwamba humo humo imeandikwa kila familia ipate vyombo viwili vya kuchotea, vyenye shingo nyembamba au kifuniko. Nyinyi wa mashirika, hili tunawauliza nyinyi: familia inayofika leo usiku inapewa vyombo hivyo lini? Mwaka 2022 na 2023 kolera ya Malawi iliua watu zaidi ya 1,700. Sio mambo ya zamani.

Na sisi wenyewe tuna kosa letu. Bidoni ya shingo nyembamba tunayo tayari, halafu ikiota ukijani ndani tunaikata juu ili tuisugue. Tukishaikata, imekuwa ile ndoo ya 1990. Ukijani unatoka bila kisu: tia kokoto ndogo, maji kidogo na sabuni, funga, tikisa kwa nguvu, suuza. Jumamosi asubuhi tutakuwa pale mjigoni na kokoto na sabuni. Njoo na bidoni yako.