Meja Aliyekataa Kutoroka

Mwaka 1983 klabu ya mpira wa magongo wa barafuni ya New Jersey Devils, Marekani, ilitumia zamu yake ya raundi ya nane, katika uchaguzi wa wachezaji chipukizi, kutaja jina la mwanajeshi wa Kisovieti. Viacheslav Fetisov alikuwa na miaka 25, beki wa CSKA Moscow. Montreal Canadiens nao walikuwa wamemchagua mwaka 1978, wakaambulia patupu.

Kuchaguliwa kulikuwa jambo jepesi. Kazi ilikuwa kumtoa. CSKA ilikuwa timu ya Jeshi Jekundu, na wachezaji wake waliandikishwa jeshini wakapewa vyeo. Kwa hiyo beki aliyeondoka bila ruhusa hakuwa anahama klabu, alikuwa askari mtoro. Kocha Viktor Tikhonov aliwaweka kambini Arkhangelskoye, nje kidogo ya Moscow, karibu mwaka mzima, wake na watoto wakibaki mjini. Kambi hiyo ilizaa watano waliocheza kama mtu mmoja mwenye mikono kumi: Fetisov na Alexei Kasatonov nyuma, Larionov, Makarov na Krutov mbele. Fetisov hakuwa beki wa kusubiri hatari imfikie. Alinyang'anya, akapanda, akagawa pasi, kisha akawahi kurudi kulinda. Pamoja, wakiwa na timu ya taifa, walitwaa dhahabu ya Olimpiki Sarajevo mwaka 1984 na Calgary mwaka 1988.

Baada ya Calgary alitaka kwenda zake. Aliona milango ya nchi ikianza kufunguka chini ya Gorbachev, na mwaka huohuo Igor Larionov aliandika barua ya wazi katika jarida la Ogonyok akiyaanika maisha ya kambini. Lakini Fetisov, aliyekwisha kuwa meja, alizungushwa. Kwa simulizi yake mwenyewe, alifikishwa mbele ya Waziri wa Ulinzi, Dmitry Yazov, akakaripiwa vikali. Wakala wa serikali uliosimamia mikataba ya nje ulitaka sehemu kubwa ya mshahara wake. Akakataa. Njia ya mkato ilikuwepo: kupotea usiku mmoja timu ikiwa ugenini. Nayo akaikataa. Alitaka kutoka mchana kweupe, kwa pasipoti yake, na mshahara wake uwe wake. Kwangu mimi hapo ndipo ulipo ukubwa wake, kuliko katika medali zote.

Akagoma kumchezea Tikhonov, akaondolewa kikosini. Ndipo wenzake walipojitokeza kwenye televisheni kusema hawaendi Mashindano ya Dunia ya 1989, Stockholm, bila yeye. Kasatonov, rafiki yake wa chanda na pete, hakuwa miongoni mwao. Fetisov alirudishwa, wakashinda dhahabu, na mara baada ya mashindano Alexander Mogilny, kijana wa miaka 20, akatoroka hukohuko Sweden na kujiunga na Buffalo Sabres. Kila mmoja alikuwa na njia yake ya kuvuka, na simlaumu kijana yule.

Mwaka huo hatimaye Fetisov alitua New Jersey, akiwa na miaka 31. Wapinzani walimpania, na mchezo wa kusukuma kisahani mbele kwa nguvu ulikuwa mgeni kwake. Kisha Kasatonov naye akaja, katika klabu ileile. Wawili wasiosemezana wakapangwa tena kucheza nyuma pamoja.

Raha yake aliikuta Detroit, alikohamia mwaka 1995. Kocha Scotty Bowman aliwapanga Warusi watano pamoja, Fetisov na Larionov wakiwemo, na ule mchezo wa pasi ukafufuka. Juni 1997 walibeba Kombe la Stanley, taji la ligi ya Amerika Kaskazini, lililokuwa limeikwepa Detroit kwa miaka 42. Nahodha Steve Yzerman alimkabidhi Fetisov kombe, naye akamwita Larionov wazunguke nalo pamoja.

Siku sita baada ya ushindi, gari lililowabeba kutoka kwenye sherehe lilipata ajali. Fetisov alipona. Beki mwenzake Vladimir Konstantinov, aliyewahi pia kuchezea CSKA, aliumia vibaya kichwani na hakucheza tena.

Mwaka 1998 Detroit walilitwaa tena. Konstantinov aliletwa uwanjani kwenye kiti cha magurudumu, kombe likawekwa mapajani mwake, na Fetisov na Larionov walikuwa miongoni mwa waliomsukuma juu ya barafu. Fetisov alikuwa na miaka 40. Hakucheza tena katika ligi ya Amerika Kaskazini.