Sauti ya Chungu cha Uvinza

Nilipozuru makumbusho ya Ujiji nilikuta sanamu za Livingstone na Stanley, waliokutana hapo mwaka 1871. Wazungu wawili, wamesimama kimya. Nikajiuliza: na chumvi iliyouzwa soko la Ujiji enzi hizo, nani aliipika?

Ilitoka Uvinza. Miaka ya 1960 wataalamu wa mambo ya kale walifukua huko meko na vigae vya watu waliochemsha maji ya chumvi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kazi ile ilikuwa na sauti: kuni zikipasuka, vyungu vikitokota. Ilikuwa na mwanga wake: moto ndani ya moshi.

Basi tuinjike tena chungu kimoja pale Uvinza, watoto wasikie. Historia yetu haikuanza kwa salamu za wageni.