Maua ya Shaba Baada ya Umeme wa Mwadingusha

Mwaka 1930 maji ya maporomoko ya Cornet, kwenye mto Lufira, yalianza kuzalisha umeme katika kituo kilichoitwa Francqui, ambacho leo tunakijua kwa jina la Mwadingusha. Umeme huo ulikwenda Likasi, kwenye mitambo ya Shituru ya kusafisha shaba, iliyofunguliwa mwaka uliotangulia. Tangu hapo hata udongo wenye shaba kidogo ukawa na faida, na kilima kizima kikaweza kuondolewa.  Mimi nauhesabu mwaka huo kuwa ndio ambao maua yanayoota kwenye vilima vya shaba yalianza kuhitaji ulinzi wa watu.

Kabla ya hapo binadamu na maua haya walipatana. Shaba imeyeyushwa Katanga tangu karne ya 4, kama inavyoonekana Naviundu, karibu na Lubumbashi. Wale walioitwa walaji wa shaba walichimba malakaiti, yaani mawe yenye shaba, wakati wa kiangazi, wakaiyeyusha kwa makaa katika vitanuru vya udongo wa kichuguu. Walipoondoka, ardhi ilibaki na shaba, na juu yake likaota ua la zambarau ambalo wataalamu huliita Haumaniastrum katangense. Wanaakiolojia wamelifuata ua hilo na kugundua mabaki ya vitanuru.

Mtu atasema: basi maua haya hayana shida, kwani hufuata uchafu wa shaba popote tunapoumwaga. Ni kweli kwa ua hilo, ambalo huishi mwaka mmoja na kuacha mbegu nyingi. Lakini si kweli kwa mimea ya kudumu inayoishi nalo. Gladiolus ledoctei huhifadhi uhai wake katika tunguu chini ya ardhi: majani hukauka, moto wa kiangazi hupita juu, mvua zikianza huchipua tena. Tunguu hilo linastahimili moto, halistahimili katapila. Ndiyo maana kwenye mgodi wa Tenke-Fungurume watafiti wamekusanya mbegu na kuhamisha mimea kabla ya vilima kuchimbwa.

Je, kazi hiyo ifanyike nyumbani? Wengine wataona ni hatari kuleta udongo wa shaba uani. Wasiwasi huo ni wa haki, na jibu lake ni chungu chenye matundu, kilichowekwa juani, mbali na bustani ya lengalenga. Tunguu la Gladiolus litoke kwenye kilima ambacho tayari kimeamuliwa kuchimbwa, lisitoke kamwe kwenye kile kilichosalia, na lije na udongo wake wenyewe. Samadi isitiwe, kwa maana mimea hii imezoea udongo wa vilima vyake. Majani yakianza kukauka, maji yasimamishwe hadi mvua zirudi. Anayemwagilia kiangazi kwa huruma huliozesha tunguu.