Mbili, Kimya, Mbili

Mwaka 2009 Bariadi ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilikuja kuwa mkoa 2012, na siku zile safari ya kwenda Lamadi ilikuwa ya kula vumbi. Mjomba alikuwa na Toyota Mark II, ile GX 90, aliyoinunua kwa pesa ya pamba ya misimu mitatu, akaifanya teksi. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, na kazi yangu wakati wa likizo ilikuwa kuisukuma.

Naam, kuisukuma. Asubuhi za Juni, ubaridi ukiwa haujaondoka, gari lilikataa kuwaka. Mchana likawaka bila ubishi. Fundi wetu wa chini ya mwarobaini akabadilisha plagi. Halafu pampu ya mafuta. Ng'ombe wawili wakaishia hapo. Kisha akatangaza kwamba kilichobaki ni kontrol boksi, yaani ubongo wenyewe wa injini, na bei aliyotaja ilikuwa ng'ombe wengine wanne. Mjomba alinyamaza. Mkewe ndiye aliyesema, "Hao wanne ni ada ya huyu mtoto."

Mtoto mwenyewe nilikuwa mimi.

Kesho yake mchana tukaliwasha tukaenda Lamadi, pale inapopita barabara kuu ya Mwanza na Musoma, kwa mzee mmoja fundi umeme ambaye madereva walikuwa wakimtaja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Linakataa saa ngapi?"

Jamani, katika wiki tatu hakuna mtu aliyekuwa ametuuliza swali hilo! Akafungua boneti, akainua kifuniko cha kijisanduku cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Upande wa ndani wa kifuniko kuna herufi, kila tundu na jina lake. Akachukua kipande cha waya, hata kidole hakifiki, akaunganisha TE1 na E1. "Hii +B usiiguse kabisa," akanionya, "utaunguza fyuzi." Akanituma ndani nifungue swichi bila kupiga stata, gia ikiwa huru, kiyoyozi kimezimwa, mguu nisiuweke kwenye mafuta.

Ile taa ya njano yenye picha ya injini ikaanza kukonyeza. Mbili. Kimya. Mbili. Kimya kirefu. Halafu tena vilevile.

"Ishirini na mbili," akasema mzee, kama mtu anayesomewa barua na jirani. "Sensa ya joto la maji."

Akatueleza. Kontrol boksi ikikosa habari kutoka kwenye sensa hiyo haizimi gari. Inakisia tu kwamba maji yako kwenye nyuzi 80, inapima petroli kama ya injini iliyokwisha pata moto. Asubuhi injini baridi inataka petroli zaidi, hainyweshwi, inagoma. Mchana jua la Usukumani linapunguza ule uongo. Akavuta plagi ya sensa: waya mmoja ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, nje mzima kabisa. Akaukata, akaumenya, akauunga. Shilingi elfu tatu. Ubongo haukuwa na kosa lolote. Ulikuwa umenyimwa habari.

Mwisho akachomoa fyuzi iliyoandikwa EFI, akahesabu kumi polepole na kuirudisha, ili gari lisahau. Safari hii taa ikakonyeza harakaharaka bila kituo. Maana yake hakuna ugonjwa.

Miaka mingi baadaye nikaanza kuulizia ile taa ilitoka wapi. Kisa chake, msomaji, kinaanzia kwenye moshi wa Los Angeles. Hewa ya California ilikuwa chafu kiasi kwamba mwaka 1967 jimbo hilo likaunda bodi yake ya hewa, na bodi hiyo ikalazimisha magari ya kuanzia modeli ya 1988 yajikague na kuwasha taa yanapoharibika. Viwanda vingine vilikuwa vimeshatangulia. Cadillac za mwanzoni mwa miaka ya themanini, ukibonyeza vitufe viwili vya kiyoyozi kwa pamoja, dashibodi inataja maradhi yake kwa namba. Nissan wakaweka skrubu ya kuzungusha kwenye kontrol boksi. Kila kiwanda na kilugha chake, mpaka Marekani ikashurutisha tundu la aina moja kuanzia modeli za 1996.

Na kwetu? Mafundi walikuwa wamelelewa na Land Rover na Peugeot 404: kabureta, bisibisi na sikio. Sikio lao lilikuwa kali, tusiwadharau. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu mwenye fedha zake za nje aagize bidhaa, na miaka iliyofuata mitumba ya Japani ikamiminika bandarini. Gari likaja na ulimi wake. Kitabu kikabaki Japani, na hata kingekuja kingekuwa cha Kijapani. Ndiyo maana yule fundi wa mwarobaini sikuweza kumchukia. Alikuwa anabahatisha kwa ng'ombe wetu kwa sababu hapakuwa na mtu aliyemwonyesha lile sanduku, ingawa alikuwa akiliegemea kila siku.

Nilirudi nikamwonyesha. Alihesabu mikonyezo kwa vidole, midomo ikicheza, akaniomba ule waya. Nikampa.

Nikawa mjuaji. Usiku mmoja nikaingia kwenye Toyota ya jirani yenye kiyoyozi cha kujiendesha. Nikabana kitufe cha AUTO pamoja na kile cha kuzungusha hewa ya ndani, nikafungua swichi. Taa zote za kiyoyozi zikawaka na kuzima mara nne, kisha ikatokea namba 21: sensa ya jua. Nikamtangazia mwenye gari kwamba sensa imekufa, anunue nyingine.

Mjomba akatoka nje na tochi yake, akaangalia juu. "Saa tatu usiku hii," akasema, "jua ulitaka lilione wapi?"