Tufani ya Mwaka 1872 na Kuinuka kwa Unguja na Pemba

Pwani ya Afrika ya Mashariki haina sifa ya tufani. Dhoruba kubwa za Bahari ya Hindi ya kusini huzipiga zaidi Madagaska, Morisi na Msumbiji, na ni mara chache tu zinapofika kwetu. Sababu yake ni ya kimaumbile. Nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia, ambayo huupinda upepo hata ukazunguka na kuwa tufani, hupungua kadiri mtu anavyoikaribia ikweta. Na Unguja iko kiasi cha digrii sita tu kusini ya ikweta. Ndiyo maana mabaharia wetu waliozoea kuhesabu miezi kwa kusi na kaskazi waliichukulia bandari ya Unguja kuwa mahali pa salama. Usalama huo ulivunjika tarehe 15 Aprili, 1872.

Siku hiyo tufani kali ilikipiga kisiwa cha Unguja. Ulikuwa wakati ambapo kaskazi imekwisha na majahazi hungojea kusi ili yaelekee Uarabuni na Bara Hindi. Kwa hiyo vyombo vilikuwa vingi bandarini. Karibu vyote viliangamia, vikiwamo vile vya Sultani Barghash bin Said, ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili katika utawala wake. Mashambani hali ilikuwa mbaya zaidi. Inakisiwa kwamba theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya Unguja iliangushwa au kuvunjwa. Pemba, iliyo jirani upande wa kaskazini, ilinusurika kwa sehemu kubwa.

Mara nyingi habari za tufani hii husimuliwa kwa kuhesabu meli na miti. Hesabu hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi. Upepo ni kazi ya maumbile, ambapo ukubwa wa hasara na namna ya kuinuka baada ya hasara ni mambo ya wanadamu. Basi yafaa mwanafunzi wa historia ajiulize maswali mawili: kwa nini upepo wa siku moja uliweza kuutikisa uchumi wa nchi nzima, na ni mikono ya nani iliyoiinua nchi hiyo?

Jibu la swali la kwanza limo katika historia ya karafuu. Zao hili liliingia Unguja mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Wafaransa. Sultani Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, alilihimiza kwa nguvu zote, na katika muda usiotimia miaka hamsini ardhi yenye rutuba ya magharibi na ya kaskazini ya kisiwa ikageuka kuwa msitu wa mikarafuu na minazi. Wenye mashamba walikopa fedha kwa matajiri wa mjini wakaweka rehani mashamba yao. Watumwa walioletwa kutoka bara ndio waliopalilia, wakachuma, wakachambua makonyo na kuanika. Wenyeji wengi walibaki katika ardhi ya mawe ya mashariki na kusini.

Uchumi wa namna hiyo ulikuwa na udhaifu mkubwa. Mahindi yakiharibika, mkulima hupanda tena msimu ufuatao. Mkarafuu ukianguka, mche mpya hungojewa miaka sita au saba kabla haujatoa mavuno ya kwanza, na miaka mingi zaidi kabla haujafikia ukamilifu wake. Mnazi nao hutaka subira ya namna hiyo hiyo. Kwa hiyo upepo wa siku moja ulichukua mavuno ya miaka mingi. Deni la mwenye shamba, hata hivyo, halikuanguka pamoja na miti. Liliendelea kusimama na kudai.

Tusisahau pia maana ya mnazi katika maisha ya mtu wa kawaida. Karafuu ilikuwa mali ya kusafirishwa ng'ambo. Mnazi ulikuwa nyumba, chakula na chombo. Nazi hutoa tui la mchuzi na mafuta ya taa na ya mwili. Makumbi hufukiwa pwani, kisha hupondwa yakasokotwa kamba. Na makuti huezeka nyumba za miti na udongo. Minazi inapolala chini, mwanakijiji hupata makuti mengi ya kuezekea mwaka ule, lakini hajui ataezeka kwa nini miaka ijayo. Katika dhiki ya jinsi hii watu wa pwani wametegemea mambo mawili tangu kale. La kwanza ni chakula kilichojificha ardhini, kama muhogo na viazi vitamu, ambacho upepo haukifikii kwa urahisi, pamoja na samaki wa maji ya karibu. La pili ni ujima: majirani kukata miti, kusuka makuti, kukandika na kuezeka kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, bila ya malipo isipokuwa chakula kinacholiwa pamoja. Huo ndio msaada ambao wahenga waliupima waliposema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Hata hivyo, ujima wa kijiji haukuweza peke yake kuurudisha uchumi wa mashamba makubwa. Hapo ndipo Pemba ilipojitokeza. Karafuu za Unguja zilipopungua, bei ilipanda, na kila mwenye uwezo aliitazama Pemba, kisiwa chenye vilima, mvua nyingi na miti iliyosimama. Upandaji ukaenea kwa kasi. Kabla karne haijaisha Pemba ilikuwa imeipita Unguja mbali, na tangu wakati ule sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka huko. Kisiwa kilichokuwa kikihesabiwa cha pili ndicho kilichokuja kuilisha hazina ya nchi. Tena umiliki wa mikarafuu ulienea zaidi huko Pemba kuliko Unguja, kwani wenyeji wengi nao walikuwa na miti yao.

Sasa tuje kwenye swali la pili. Ni nani aliyefyeka vichaka, akachimba mashimo na kubeba miche? Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watumwa. Hapa historia inatuonyesha jambo zito. Mwezi wa Januari 1873, miezi tisa tu baada ya tufani, mjumbe wa Uingereza, Bartle Frere, alifika Unguja kumtaka Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Miongoni mwa hoja za Sultani za kukataa ilikuwa hii, kwamba tufani ilikuwa imekwisha kuiharibu nchi, na kukatazwa kwa watumwa kungeimaliza kabisa. Mwishowe, akitishiwa kwa manowari, alitia sahihi mkataba tarehe 5 Juni, 1873, na soko la watumwa la mjini likafungwa.

Lakini haja ya wafanyakazi Pemba ilikuwa ikiongezeka wakati ule ule. Matokeo yake ni kwamba watu waliendelea kuvushwa kwa siri. Misafara ilipita nchi kavu kuelekea kaskazini kwa kufuata pwani, kisha majahazi yaliwavusha usiku mpaka Pemba, hata ikalazimu mwaka 1876 zitolewe amri nyingine za kuizuia misafara hiyo. Hivyo mama aliyetekwa karibu na Ziwa Nyasa, ambaye hakuwahi kuiona tufani ya Unguja wala kuisikia, huenda ndiye aliyelipa gharama yake kwa jasho na uhuru wake. Balaa la wachache wenye mashamba lilihamishiwa mabegani mwa wasio na kitu. Hali ya utumwa haikuondolewa kisheria visiwani mpaka mwaka 1897, na hata baada ya hapo wengi waliendelea kuwa vibarua na maskwota katika mashamba ya wengine.

Tukitaka kuona tofauti ya vipaumbele, tuitazame habari ya meli Glasgow. Baada ya kupoteza vyombo vyake, Sultani aliagiza meli hiyo ijengwe Uingereza, nayo ilifika Unguja mwaka 1878. Ilitia nanga mbele ya kasri kwa miaka mingi kama alama ya fahari, mpaka ilipozamishwa kwa mizinga ya manowari za Waingereza tarehe 27 Agosti, 1896, katika vita vilivyochukua chini ya saa moja. Fahari ile iliishia chini ya maji. Mikarafuu iliyopandwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote iliendelea kuzaa, na kizazi baada ya kizazi wachumaji wamekuwa wakivuka kutoka Unguja kwenda Pemba kila msimu wa mavuno.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya kale tu. Mwaka 1952 tufani iliupiga mji wa Lindi. Tarehe 26 Desemba, 2004, mawimbi ya tsunami yaliyoanzia karibu na Sumatra yaliua mamia ya watu Somalia, na yalichukua roho za watu hata kwenye pwani ya Tanzania. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia na pwani ya kusini, kikaharibu nyumba na barabara. Lakini safari hii watu walitangaziwa mapema, wavuvi wakaonywa wasitoke baharini. Onyo la mapema ni msaada unaomfikia tajiri na maskini kwa pamoja kabla ya balaa. Vivyo hivyo mikoko inayovunja nguvu ya mawimbi huwalinda wote wanaoishi nyuma yake, na kuikata ni kuwaondolea wote ukuta wao.

Basi mwalimu anapoifundisha tufani ya mwaka 1872, asiishie kwenye miti iliyoanguka. Awaongoze wanafunzi wapime kila msaada kwa swali moja: mzigo wa kujenga upya umegawanywaje? Mahali ambapo majirani waliezekeana nyumba, mzigo uligawanywa, na utu ukakua. Mahali ambapo mashamba yalirudishwa kwa kuwavusha watu usiku wakiwa wamefungwa, nchi ilipata tena karafuu zake, lakini iliongeza jeraha ambalo vizazi vilivyofuata vililirithi. Pemba ilipoifaa Unguja, visiwa vyote viwili vilisimama. Na wale waliovisimamisha kwa majembe yao wanastahili kutajwa katika historia yetu kabla ya meli na kasri.